Kutoka Uwanjani Hadi Kiooni: Mchezaji Mpira Anapokuwa Msemaji wa Mpira

Limezuka katika utamaduni wetu wa michezo jambo ambalo wahakiki hawajalitazama kwa makini ya kutosha. Zamani mchezaji wa mpira wa miguu alipotundika viatu, njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa chache na zilijulikana: alirudi kwenye kazi ya shirika lililomwajiri, au alifundisha vijana wa mtaani, au alikaa jukwaani siku za Jumapili akiwanung'unikia waliomrithi. Leo huvaa suti, hupakwa poda usoni, huketi mbele ya kamera na kuwaeleza maelfu ya watu jambo ambalo wamekwisha kuliona kwa macho yao wenyewe. Kwamba anastahili kuketi pale hatuna ubishi. Amepalipia kwa jasho na kwa magoti yaliyochakaa. Tunalotaka kuuliza ni hili: akishaketi pale, anatupa nini ambacho hatukuwa nacho?

Swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri pasipo kukumbuka redio. Kwa miongo mingi Watanzania wa bara waliutazama mpira kwa masikio. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha picha. Hivyo tarehe 26 Agosti, 1979, Taifa Stars ilipokwenda Ndola kurudiana na Zambia, na Peter Tino akafunga bao lililotupa sare ya 1-1 na tiketi ya kwenda kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 kule Lagos, taifa zima lililipokea bao lile likiwa sauti tu. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wa aina ya Ahmed Jongo na, baadaye, Charles Hilary, walikuwa na kazi nzito kupita kiasi: kumjengea msikilizaji uwanja kichwani mwake, kumwekea wachezaji ishirini na wawili ndani yake, kisha kuwaendesha wote kwa pumzi moja. Kwa kazi hiyo hawakuhitaji kuwa wamepata kuichezea timu ya taifa. Walihitaji jicho jepesi, kifua kipana, na Kiswahili kisichokauka.

Picha ilipokuja, kazi ile ilipungua thamani kwa namna ambayo watangazaji wengine mpaka leo hawajaikubali. Mtazamaji anaona mwenyewe kwamba mpira uko kwa winga wa kulia. Kumwambia hivyo ni kumdharau. Ila yako mambo ambayo haoni hata kama kioo ni kikubwa kama mlango: kwa nini winga yule amepata nafasi, nani amekiacha kituo chake, na kwa nini mlinzi aliyefika kwa kuchelewa alichelewa. Hapo ndipo palipozaliwa haja ya mtu ambaye amewahi kuchelewa vile vile na kuzomewa kwa ajili hiyo. Kwa maneno mengine, televisheni haikumwita mchezaji wa zamani kwa heshima ya jina lake peke yake, ingawa jina nalo huvuta watazamaji. Ilimwita kwa sababu kazi ya kueleza lililotokea ilikuwa imeondolewa na picha, ikabaki kazi ya kueleza sababu yake.

Hapa Kizota, kata ya maghala ya nafaka katika jiji la Dodoma, na yenye ukumbi ambamo Chama Cha Mapinduzi kilifanyia mkutano wake mkuu wa mwaka 2012, mpira wa Ligi Kuu hutazamwa zaidi katika mabanda ya kulipia yanayoitwa vibanda umiza. Jina hilo linatosha kueleza hali ya viti. Mwalimu anayetaka kujifunza uhakiki wa kazi za televisheni hana haja ya kwenda mbali. Aingie humo wakati wa mapumziko. Wabeba mizigo, madereva na wanafunzi waliotoroka masomo ya jioni hubishana kwa sauti kubwa kuliko ya kioo, na mtangazaji anaweza kusema apendavyo pasipo kusikilizwa. Lakini yuko mzungumzaji mmoja mmoja ambaye akianza kusema, banda hunyamaza. Kunyamaza kule ni hukumu ya kihakiki iliyo kamili kuliko makala nyingi, hii ikiwamo.

Miongoni mwa waliopata kunyamazisha mabanda ni Ndugu Ally Mayay Tembele, mchezaji wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, ambaye baada ya kuacha kucheza alipata kuwa mchambuzi aliyezoeleka katika televisheni. Sifa yake kubwa, kwa kipimo chetu, ni utulivu. Katika nchi ambayo mazungumzo ya mpira yamezoea kuwa ugomvi, yeye alizungumza kama mtu anayesoma ramani: alianzia nyuma ya tukio, akaonyesha jinsi lilivyoandaliwa, ndipo akafika kwenye bao. Wenye papara walimwona baridi. Sisi twaona kwamba ubaridi huo ndio uliokuwa ufundi wake, kwa sababu bao linaloelezwa kuanzia mwisho hubaki bahati tu, na mtoto anayesikiliza hajifunzi kitu.

Safari yake inafaa kutazamwa kwa sababu nyingine pia. Mwezi Agosti mwaka 2017, wajumbe wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania walikutana hapa hapa Dodoma kumchagua rais wao, na Ndugu Mayay alikuwa mmoja wa wagombea. Alishinda Ndugu Wallace Karia. Wako walioshangaa, wakidhani mtu anayejulikana katika kila banda la nchi hawezi kushindwa. Walisahau kwamba kioo humpa mtu hadhira na hakimpi wajumbe. Mtazamaji na mpiga kura wa shirikisho ni watu wawili tofauti, na mambo wanayoyapima hayafanani. Mwaka 2022 Ndugu Mayay aliingia Wizarani kukaimu ukurugenzi wa maendeleo ya michezo, na hivyo aliyekuwa akihakiki akawa miongoni mwa wanaohakikiwa. Si wengi wanaokubali mabadilishano ya namna hiyo.

Mwingine ni Ndugu Amri Kiemba, kiungo wa Simba na wa timu ya taifa, ambaye watu wengi humkumbuka kwa mwezi wa Juni mwaka 2013, alipoifunga Morocco kule Marrakech na, siku chache baadaye, akaifunga Ivory Coast jijini Dar es Salaam mapema kabisa katika mchezo. Mechi zote mbili tulishindwa, lakini mabao yale yalibaki. Naye alihamia kwenye uchambuzi wa redio na televisheni, na humo ameleta tabia ya kiungo: hapendi kupiga mpira mbali. Hoja zake ni fupi, huipokea hoja ya mwenziwe, huigeuza kidogo, kisha huirudisha. Tukimlinganisha na wale wanaodhani uchambuzi ni kupaza sauti, twaona kwamba namna mtu alivyocheza yaweza kumfuata hadi kwenye namna anavyosema. Hilo si kanuni, maana wako mabeki waliokuwa wakali kama nyati uwanjani na studioni wakawa wapole mno.

Sasa tuje kwenye lugha, ambayo ndiyo hasa iliyotuvuta kuandika makala haya.

Kiswahili cha mpira ni moja ya mali kubwa ambazo umma wetu umezitengeneza wenyewe pasipo kuamriwa na kamati. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na limefanya kazi kubwa katika istilahi za sheria, elimu na sayansi. Lakini neno kanzu, kwa maana ya mpira unaopitishwa juu ya kichwa cha mpinzani na kumshukia mgongoni kama vazi analovishwa kwa nguvu, halikutoka ofisini. Lilitoka vumbini. Vivyo hivyo tobo, mpira unaopita katikati ya miguu ya mtu na kumwacha akiwa ametobolewa heshima yake. Tikitaka, chenga, danadana, mkwaju: kila moja ni picha. Mchezaji wa zamani ameyajua maneno haya kwa mwili kabla ya kuyajua kwa masikio, maana aliyepigwa tobo mbele ya watu wake hahitaji kamusi.

Chukua neno kuotea. Kwa Kiswahili kuotea ni kuvizia. Mwindaji humwotea mnyama, na mwizi humwotea mpita njia. Watu walipotafuta neno la kosa lile linalotajwa katika Kanuni ya 11 ya mchezo, walichagua neno lenye tuhuma ndani yake. Mchezaji aliyeotea ni mtu aliyejificha mahali pasipostahili akingoja windo. Neno ni zuri sana, lakini lina kasoro, na kasoro hiyo ina mafunzo kuliko uzuri wake. Kanuni yenyewe husema kwamba kuwa mahali pale si kosa. Kosa huja pale tu mchezaji anaposhiriki katika mchezo akiwa mahali pale. Tena mara nyingi mtu huyo hakuvizia chochote: alisimama alipo, walinzi wakapanda mbele hatua mbili kwa makusudi, wakamwacha nyuma yao. Aliyetega ni mlinzi, na anayeitwa mwoteaji ndiye aliyetegwa! Ni nani wa kumweleza mtazamaji wa Kizota jambo hili? Mwandishi wa habari anaweza kuisoma kanuni. Lakini mshambuliaji wa zamani anaweza kusimulia jinsi anavyomsikiliza beki mwenye sauti akiwaamuru wenzake wapande, na jinsi anavyopaswa kuchagua kati ya kukimbia na kungoja kwa muda mdogo kuliko wa kufumba jicho. Akilieleza hilo kwa Kiswahili safi, amefanya kazi ya mwalimu, na amelirudishia neno la wananchi maana iliyo kamili zaidi.

Kwa bahati mbaya, si wote wanaofanya hivyo. Wapo ambao wakishakaa kitini huiona lugha ya vumbini kuwa haifanani na suti. Utasikia timu inasifiwa kwa presingi, inalaumiwa kwa tranzisheni, na kila sentensi ya pili imebebwa na Kiingereza kilichopotea njia. Chanzo chake kinaeleweka: vitabu vingi vya ukocha vimeandikwa kwa lugha hiyo, na mtu aliyesomeshwa kwa maneno fulani hudhani elimu yenyewe iko ndani ya maneno hayo. Lakini mzee mwenye ng'ombe wake huko Bahi anaelewa vizuri sana maana ya kumkaba mtu kabla hajainua kichwa. Anaelewa maana ya kundi linalochelewa kurudi zizini mlango ukiwa wazi. Mchambuzi akisema kwamba wakipoteza mpira wanachelewa kurudi, amesema yote yaliyomo katika tranzisheni, na amesema kwa watu wote. Hatukatai neno geni linapokuja na kitu kigeni. Penalti na kona zimekwisha kuwa raia. Tunachokataa ni neno geni linaloletwa kumpandisha msemaji huku msikilizaji akiachwa chini.

Katika jambo hili Dodoma ina mfano wa zamani unaoweza kusaidia. Hukwe Zawose, Mgogo na bingwa wa zeze na ilimba, aliyefariki mwaka 2003, alitoka katika muziki wa nyumbani wa Wagogo akaingia katika kundi la sanaa la taifa na baadaye katika majukwaa ya dunia. Naye alihamisha ufundi kutoka mahali ulipozaliwa hadi mahali pa kutazamwa. Alibadili mpangilio, akapunguza urefu, akazoea taa. Lakini hakuacha sauti yake ya Kigogo mlangoni ili aonekane msanii. Mchezaji anayehamia televisheni anakabiliwa na uchaguzi wa aina ile ile: kipi akichukue kutoka uwanjani, na kipi akiache.

Liko tatizo jingine, nalo ni la nchi yetu hasa. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo Mtanzania akizaliwa huulizwa, pamoja na jina, ni wa upande gani. Mchezaji wa zamani haji studioni akiwa mtupu. Huja na jezi isiyoonekana, na watazamaji huiona hata pale ambapo yeye mwenyewe amekwisha kuivua. Akiisifu timu yake ya zamani, wapinzani watasema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Akiikosoa, wenziwe watamwita msaliti. Wengine wamejaribu kuukimbia mtego huu kwa kusema pande zote mbili zimecheza vizuri, jambo ambalo ni uongo karibu kila wiki. Dawa tunayoiona ni moja, nayo ni ngumu: kusema kwa vielelezo. Mchambuzi anayesimamisha picha, akaonyesha kwa kidole kwamba beki wa kushoto alikuwa hatua tatu nje ya mstari, hana haja ya kuapa kwamba hana upande. Ubishi utahamia kwenye picha. Wanafunzi wanaofundishwa kuhakiki riwaya na tamthilia wataitambua kanuni hii, maana ndiyo ile ile wanayodaiwa na walimu wao: usiniambie mhusika ni mbaya, nionyeshe ni wapi katika kitabu.

Juu ya hayo yote imekuja fedha. Mwaka 2021 kampuni ya Azam Media ilitia saini na Shirikisho mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu. Faida zake hatuwezi kuzikana: klabu ndogo za mikoani zimepata mapato ambayo hazikuwa nayo, na Dodoma Jiji ikicheza katika uwanja wa Jamhuri, mtu wa Mtwara anaiona. Lakini palipo na fedha nyingi hapakosi matangazo ya biashara, na katika michezo ya siku hizi tangazo linalosikika zaidi ni la kubashiri matokeo. Hapa tungependa kusema wazi. Mchezaji wa zamani anapotoka kueleza ufundi wa kiungo, na kwa sauti ile ile, katika kiti kile kile, akamhimiza kijana aweke fedha zake kwenye matokeo ya kesho, ameitumia amana aliyopewa na umma kwa kazi ambayo umma haukumtuma. Kijana wa kidato cha tatu hawezi kutenganisha sauti mbili zinazotoka katika kinywa kimoja. Sheria humkataza mwenye umri chini ya miaka 18 kubashiri. Kioo hakimuulizi umri. Aliyewahi kuvaa jezi ya taifa anaweza kumwachia mtu mwingine asome tangazo hilo, na kufanya hivyo hakumpunguzii chakula mezani kwa kiasi cha kutisha.

Tumekuwa tukisema mchambuzi, na yafaa tumtenganishe na mwongoza kipindi, kwani hizi ni kazi mbili. Mchambuzi hujibu, mwongozaji huuliza. Kwetu sisi wachezaji wengi wamefika kwenye kiti cha kwanza, wachache mno wamekikalia cha pili, ambacho aghalabu hubaki kwa waandishi waliosomea kazi. Huko Uingereza mfano unaotajwa zaidi ni wa Gary Lineker, aliyeongoza kwa ufungaji katika Kombe la Dunia la mwaka 1986 kwa mabao 6, akaacha kucheza mwaka 1994 akiwa Japani, na kuanzia mwaka 1999 hadi mwaka 2025 akaongoza kipindi kikuu cha mpira cha shirika la utangazaji la nchi ile. Husemwa pia kwamba katika maisha yake yote ya mchezo hakuwahi kuonyeshwa kadi hata moja, na pengine uvumilivu huo ndio uliomfaa, kwa sababu mwongozaji ni mtu anayelipwa kwa kujizuia. Alijua jibu la karibu kila swali alilouliza, lakini akaliuliza, na akamwachia mgeni wake alijibu. Kwa mtu aliyezoea kushangiliwa na watu elfu themanini, kujifunza kumpisha mwingine ni mazoezi makali kuliko ya asubuhi ufukoni.

Kiti hicho cha pili ndicho tunachotamani kuona wachezaji wetu wakikikalia, na sababu yetu ni ya kitaifa kabisa. Kikosi kilichokwenda Lagos mwaka 1980 kilifungwa na Nigeria 3-1, Juma Mkambi akitufungia; kikafungwa na Misri 2-1, kikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, Thuwein Ally akifunga katika mechi zote hizo mbili. Ilichukua miaka 39 kabla Taifa Stars haijarudi kwenye fainali hizo, mwaka 2019. Nahodha wake, Leodegar Tenga, alikuja kuwa rais wa Shirikisho kuanzia mwaka 2004 hadi mwaka 2013, na habari zake zinajulikana. Lakini wengi wa wenzake walistaafu kabla kamera haijafika bara. Walichokijua juu ya mchezo ule, juu ya namna ya kuwakabili Wanigeria nyumbani kwao mbele ya umati uliofurika, kilibaki vifuani mwao, na baadhi yao wamekwisha fariki nacho.

Mwandishi kijana akienda kuwahoji waliobaki, atauliza walijisikiaje. Mchezaji wa zamani akiongoza kipindi hicho atauliza mambo mengine: nani alipangiwa kumkaba nani, kocha alisema nini wakati wa mapumziko, viatu vilikuwa vya aina gani, na ni katika dakika ipi walijua kwamba miguu imekwisha. Atajua pia pa kunyamaza mzee anapotafuta neno. Vituo vyetu vina kamera, vina saa nyingi za kujaza hewani katikati ya wiki wakati hakuna mechi, na vina wachezaji wa zamani ambao wako tayari kazini humo humo.